Mama Asimamisha Muziki

Dada yangu alirudi Muhuru Bay kutoka Hungaria, alikokwenda kusoma, akiwa na sanduku moja, koti zito lisilo na kazi huku kwetu, na mapenzi ya ajabu kwa muziki wa kufokafoka wa vijana wa huko. Baba tulikuwa tumemzika, dada akiwa bado huko. Nauli haikupatikana. Mama alilijua hilo vizuri na bado lilimkaa moyoni. Hakumgombeza, ila hakumsemesha. Aliniambia mimi, "Mwambie dada yako chai iko tayari," na dada mwenyewe ameketi pale pale, kikombe mkononi. Nilichoka. Mtu mzima na ndevu zangu, nimegeuzwa simu.

Jumamosi moja tulikuwa uani tukichagua omena, wale dagaa wa ziwani, kutoa mchanga na vijiwe. Dada akawasha spika yake ndogo. Mwanamume akaanza kufoka kwa sauti nzito ya kutisha.

"Muulize dada yako huyo anatukana nani," Mama akasema.

"Hatukani mtu, Mama," dada akajibu mwenyewe. "Anajisifu. Anasema yeye ni mtu hatari, hata ndala zake zinaogopwa mtaa mzima. Akifungua chupa ya achari, polisi wanarudi nyumbani."

Akaeleza kwamba vijana hao huwadhihaki waimbaji wanaojigamba kwa magari na dhahabu. Huchukua majigambo yale yale, wakayajaza upuuzi, kisha wakayatamka bila hata kutabasamu.

Mama aliendelea kuchagua. Nilimwona akibana midomo asicheke, nikamwombea ashindwe.

"Hiyo si ni pakruok tu," akaniambia. "Lakini mwambie huyo kijana hana adabu. Mtu anajisifu aje na muziki inaendelea? Nani atamsikia?"

Kwetu, kwenye sherehe, anayetaka kujisifu huinua mkono, muziki ukasimama, watu wakanyamaza, naye akatoa uongo wake mtamu mpaka kila mtu aangue kicheko. Ndipo muziki huendelea. Hiyo ndiyo pakruok, na bingwa wake ufuoni kwetu alikuwa Baba, mtu mpole asiyeweza kumfukuza kuku jikoni.

Mama akainua mkono uliojaa magamba. Dada akazima spika haraka.

"Mimi nyar Uriri," Mama akatangaza, akijiita binti wa kwao alikozaliwa, "nikikaanga omena, paka ya jirani inaomba kuokoka!"

Tulicheka mpaka nikamwaga ungo wangu. Muziki ukarudi. Kisha dada naye akainua mkono, akauzima. Uso wake ulikuwa umebadilika, nami nikajua anachotaka kusema kabla hajafungua kinywa. Lilikuwa jigambo la Baba, lile alilolirudia kila harusi.

"Mimi," akasema kwa sauti ya chini, "mtoto wa yule ambaye akipiga chafya Muhuru Bay, Isebania kule mbali wanafunga madirisha."

Hatukucheka. Mama akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka wake.

"Rudia, nyathina, mwanangu," akamwambia yeye, si mimi. "Na uongeze sauti. Baba yako hakuwa ananong'ona."