Sabuni ya Nguo na Sabuni ya Fomu

Jumamosi nilisimama kwenye duka moja la soko la Baraka na fomu za kuwauliza wasikilizaji wa podikasti yetu wanatumia sabuni gani. Mwenye duka, anayepika sabuni ya mawese na kuiuza kwa vipande, alikuwa ameahidi kutudhamini iwapo wasikilizaji wetu wanafulia sabuni yake. Bila yeye tungefunga kipindi, na fomu zote nilizojaza zilitaja ile ya kiwandani yenye karatasi ya dhahabu.

Akafika mama anayetusikiliza kila wiki.

"Andika ile ya dhahabu," aliniambia kwa sauti, ili mke wa pasta aliyekuwa nyuma yake asikie. Kisha akamwonyesha mwenye duka urefu wa kidole. "Papa, unikatie ile ya kila siku."

"Mama, sasa niandike ipi?" nikauliza.

"Ile ya kwanza. Hii iko ya nguo, haiko ya karatasi."

Mwenye duka alikata, akapangusa kisu. "Mi najua bantu yangu, bale banakuja kununua hapa. Tangazo nitalipa. Lete hizo fomu, nione bale banajidai."

Nilimpa zote isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa yangu, nikaikunja na kuificha mkobani, juu ya kipande changu cha mawese.