Mtungi Ulikuwa Mtu

Mfanyakazi amepiga deki kwa klorini karibu na meza ninayoandikia programu ya kupanga foleni ya wagonjwa, na harufu hiyo imenirudisha utotoni, bombani mtaani kwetu Ziwani.

Maji yalikuwa yametoka baada ya mgao, yakinuka klorini. Mitungi ilisimama kwenye laini badala ya wenyewe, maana kwetu mtungi ulikuwa mtu. Mama alifika mbio na sufuria, mdogo wangu mgongoni, nami nikimfuata. Mtoto alikuwa akiharisha tangu usiku na nyumbani hapakuwa na tone.

"Nisaidieni, wamama. Ni ya mtoto kunywa tu."

"Lakini dada, si ni wewe ulituwekea sheria?" jirani akamjibu. "Bila mtungi hakuna zamu. Wangu pia anaumwa."

"Siku hizi hata sufuria inapiga laini!" kijana mmoja akadakia, watu wakacheka.

Mama aliiweka sufuria nyuma ya mtungi wa mwisho, akawa anaisukuma kwa mguu.

Zamu yetu ilipofika, nilifungua bomba. Mama alimshusha mtoto amnyweshe. Kichwa kilianguka upande, na maji yakamtoka mdomoni bila kumezwa. Akamfunika uso kwa leso.

"Funga bomba," akaniambia. "Wengine wanangoja."