Nusu ya Kosa la Fundi wa Kapata

Alhamisi. Mvua ilianza kabla ya kengele ya misa ya asubuhi, ikanyesha mpaka saa nane. Katikati ya mvua hiyo niliambiwa kwamba yule fundi wa intaneti wa mtaa wa Kapata amefariki. Kifua. Wengi wenu, wasomaji, hamkumjua kwa uso, ila mlimjua kwa kalamu yangu, na kalamu yangu haikumtendea haki.

Nieleze, ingawa shule yangu ni ndogo na mambo ya mashine naweza kuyapinda. Zahanati ya Musonoi ilipata intaneti kupitia Kapata. Huku na kule kulikuwa na seva, kompyuta za kuelekeza njia, zenye programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua na kuisoma. Kazi yao ni kuambiana: kwangu kunafikika hapa na hapa, na kwako je? Wakaweka toleo jipya la programu, na zahanati ikakatika wiki nzima. Mashine zilionana, zilisalimiana, lakini hakuna iliyompa mwenzake hata njia moja. Nilikuwa chumbani kwa yule fundi, Kapata, alipopigiwa simu na fundi wa Musonoi, mama mmoja mwenye ulimi.

“Tata, mi nakuona bien, muzuri kabisa! Lakini kwako hakutoke kitu. Unaficha njia sawa nyama mu nyungu?”

“Mama, kwangu mulango iko wazi. Ni weye hautume.”

“Mi? Mi nakungojea tangu lundi, tangu Jumatatu!”

Nikarudi nyumbani, nikaandika katika safu hii kwamba Kapata ndiyo inayoziba. Sikwenda Musonoi kuangalia. Nilijiambia ni matope yaliyonizuia. Labda ulikuwa uvivu. Siku mbili baadaye mafundi hao wawili wakagundua kwamba toleo lile halitoi wala halipokei njia bila ruhusa iliyoandikwa, ya kutoa peke yake na ya kupokea peke yake. Wote wawili waliandika ya kupokea tu. Ndivyo tulivyolelewa huku: unafungua mlango, unapanga kiti, unangoja mgeni, kujipeleka kwa mtu bila kuitwa ni aibu. Basi wiki nzima kila mmoja alikuwa amemfungulia mwenzake, na kila mmoja alimlaumu mwenzake kwa kutokuja. Waliongeza mstari mmoja huku, mmoja kule, njia zikapita.

Lakini wakubwa wa fundi wa Kapata walikuwa wamekwisha kusoma gazeti. Akafukuzwa. Alikuja kwangu, hakukaa hata kitini.

“Tata, siombe uongo. Kosa, nusu ni yangu. Andika ile nusu ingine tu.”

Nikamwahidi. Kisha ikaja habari ya barabara, ikaja ya umeme wa bwawa la Nzilo, na kila mara ilionekana kubwa kuliko yake. Yeye akaanza kusukuma baiskeli yenye mifuko ya mawe ya wachimbaji. Sisemi safu yangu ilimuua. Kifua kilianza kabla, mke wake mwenyewe alinieleza. Wala sisemi vumbi la mawe yale halikumwongezea. Na seva ya Kapata ilipoharibika tena, hakupatikana wa kuitengeneza. Siku hizi zahanati inatuma karatasi kwa pikipiki.

Leo kwenye kilio nilimwambia mjane kwamba sasa nitaandika.

“Andika, tata,” alisema bila kuniangalia. “Lakini ile kampuni yenye ilimufukuza ilishafunga. Unaandikia nani?”

Naandika hivyo hivyo: kosa la njia zile, nusu ilikuwa yake, nusu ya fundi wa Musonoi; kosa la kuhukumu kabla ya kwenda kuona lilikuwa langu lote. Funzo nililopata ni dogo, na sijui litamfaa nani: sahihisho lina mwenyewe, na mwenyewe hufa.

Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Mke wangu aliuliza kama chumvi imetosha. Nikasema imetosha, na sikuwa nimeonja.