Ngoma Iliyoshuka Masasi

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Ukungu mzito tangu alfajiri hapa Makote, mikorosho ya jirani haionekani, baridi ya kuvaa makoti mawili.

Naandika haraka kwa furaha, kwa hiyo nisamehewe mwandiko. Hata nikitulia si mzuri sana. Niliishia darasa la saba.

Pale Masasi kuna ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala la korosho. Mwaka huu wameupaka rangi, wakajenga jukwaa, wakatangaza msimu wa muziki: Jumamosi sita, kila moja na muziki wake. Ya kwanza ilikuwa ya vijana wa kizazi kipya. Nilikwenda, masikio yakavuma mpaka Jumatatu. Ya tatu walikuja watu wa fidla, wanaosoma muziki kwenye karatasi kama sisi tunavyosoma barua. Nilidhani nitasinzia. Badala yake machozi yalinitoka, nikawa najikohoza ili jirani asinione.

Leo ilikuwa zamu ya jazi, na shemeji yangu Baba Pacha, mume wa dada yangu, alikuwa ameitwa kupiga ngoma pamoja na bendi. Kiongozi wa bendi alimsikia kwenye sherehe ya jando huku kwetu. Akapeleka neno: apige nasi Jumamosi hii, akifaa atapanda tena siku ya kufunga msimu. Asipofaa, basi. Shemeji amepiga ngoma miaka yote kwenye vumbi la watu. Jukwaa hakuwahi kulikanyaga. Wiki nzima hakula vizuri.

Mimi si mpigaji. Nimejaribu, mikono yangu haina akili. Mimi ni mtu wa moto. Ngoma zetu zinakazwa kwa moto: unawasha nyasi kavu, unaizungusha ngozi juu ya mwali, unagonga kwa kidole, unasikiliza, unazungusha tena. Huku juu, kwa ukungu wetu, ngozi hulala upesi, ikalegea na sauti ikashuka, ndiyo maana nimezoea kuipa moto wa kutosha. Leo asubuhi niliipa na wa ziada, nikiihofia safari. Tukapanda pikapu iliyokuwa imeleta unga wa salfa wa kupulizia mikorosho, tukashuka mlima tukipiga chafya.

Masasi kulikuwa na jua kali, anga jeupe. Sikuwaza kabisa kwamba jua lile nalo ni moto.

Mlangoni mtunza ukumbi, mzee wa Kimakua, aliutazama mzigo wangu wa nyasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizo nyasi za mbuzi gani?"

"Za kukazia ngoma."

"Moto? Humu? Ninyi Wamakonde mmechoka na baridi yenu, mnataka kuota ukumbi wangu?"

Akazichukua nyasi, akazitupa nyuma ya ukuta. Moyoni nilimwita mtu wa roho mbaya. Neno hilo nalifuta hapa. Dari ni ya mbao, na jukwaani kulikuwa na mapazia. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Saa sita wakapima vyombo. Mama mmoja mnene, mpole, akapuliza saksafoni. Sauti ilitoka chini kabisa, nene kama asali, nikasisimka hadi vidoleni. Shemeji akajibu kwa ngoma. Jamani! Ililia juu, kavu, kama mbuzi anayevutwa kamba.

Kiongozi wa bendi akanyoosha mkono. "Baba Pacha, ngoma yako iko juu mno. Inagombana na saksafoni. Ishushe. Ikishindikana utakaa kwenye kiti utusikilize, tutakuwa marafiki vilevile."

Alisema kwa adabu, lazima niseme hivyo. Lakini shemeji alinigeukia, na uso wake siwezi kuuandika.

"Shemeji," akaninong'oneza, "umeipa moto kiasi gani?"

"Kama wa kule juu kwetu."

"Na hapa ni wapi?"

Miaka yote kazi yangu ni kupandisha. Kushusha nilimwachia ukungu. Ndipo nikawaza: kama ukungu ndio unaoilaza, nitautengeneza. Nikavua shati la ndani, nikaomba maji kwa mtunza ukumbi, nikalilowesha, nikalikamua, nikalifunika juu ya ngozi. Hofu yangu ilikuwa moja. Kwa moto ukikosea unasubiri ipoe. Kwa maji ukizidisha, na moto umekatazwa, umeua ngoma.

Nikazidisha.

Shemeji aligonga, ikatoa sauti ya godoro. Akakaa chini. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Mtunza ukumbi alikuwa amesimama pale anatazama. "Nimesema moto usiingie ukumbini," akasema. "Nimesema Masasi nzima? Ng'ambo ya barabara kuna mama lishe, ana jiko la mkaa."

Tukakimbia na ngoma. Mama lishe alikuwa anapika chapati.

"Mama, tunaomba jiko lako kidogo."

"Mnachoma nini?"

"Ngoma."

"Wazimu! Chapati zangu zitanuka ngozi!"

"Tutazila sisi zote, mama," shemeji akasema kwa sauti ya mtu anayeomba damu hospitali. Mama akatupisha, akawa anasunya.

Sikuwa na mwali, nilikuwa na mkaa. Joto lake hupanda taratibu. Nikazungusha, nikagonga, nikasikiliza. Juu kidogo. Zungusha. Nilikuwa na ile sauti ya asali kichwani, nikawa naitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwa ulimi. Ilipofika nilijua, maana mama lishe aliacha kusunya.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Saksafoni iliuliza, ngoma ikajibu, safari hii kwa chini, kama watu wawili wazima wanaoelewana. Kisha wakaanza kukimbizana. Mimi nilisimama nyuma bila shati la ndani, nikicheka peke yangu, na mtunza ukumbi alikuwa anatikisa kichwa chini juu, chini juu. Watu wakasimama. Kiongozi wa bendi akamshika shemeji mkono mbele ya wote: "Huyu tunafunga naye msimu." Kisha akaongeza, "Na yule bwana wa shati aje."

Huenda alinionea huruma tu. Mikono ilikuwa ya shemeji, na kosa la asubuhi lilikuwa langu. Lakini nimeliandika, maana alilisema.

Jioni, hapa nyumbani, dada alikuja na kisamvu cha karanga, mke wangu akapasha chapati kumi na moja za mama lishe. Kweli zilinuka ngozi. Shemeji alikula tano.