Gari Lililomsahau Dereva Wake

Fundi wa funguo alikuwa mtu wa maneno machache, na ombi la mama yake lilimwacha hana pa kukwepea.

"Juzi baba yako kagonga ukuta wa jirani," mama alisema. "Leo nusura amgonge mtoto wa watu. Haoni, na kusikia hataki. Wewe si ndiye unayeyafundisha magari funguo? Basi, gari la baba yako lifundishe limsahau."

"Mama, tumwambie tu."

"Mwambie wewe. Mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu."

Hakumwambia. Mzee alipokwenda kuoga, fundi akachomeka kifaa chake chini ya usukani, akausajili upya ufunguo wa akiba peke yake, ule wa mzee akaufuta kwenye kumbukumbu ya gari. Kifaa kiliuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Ufunguo wa mzee ulibaki na meno yaleyale, unaingia na kuzunguka vizuri, ila kile kidude kilichofichwa ndani ya kichwa chake cha plastiki gari halikukitambua tena.

Asubuhi mzee akapiga simu, sauti imechangamka. "Mwanangu, leo zamu yako! Limegoma. Kila siku natamba kwamba nina fundi nyumbani. Njoo uwaonyeshe majirani."

Fundi akaja, akachomeka kifaa, akabonyeza vitufe visivyo na kazi yoyote. Mzee, aliyefanya kazi ya udereva ujana wake wote, alikuwa amekaa nyuma ya usukani, shati limepigwa pasi. Akawasha. Injini ikazunguka, ikakataa kushika. Kwenye dashibodi taa nyekundu yenye umbo la ufunguo ilimwekamweka mbele ya uso wake.

"Kuna taa yoyote hapa?" mzee akauliza.

"Hakuna, baba."

Ikawa hivyo kila asubuhi, hadi majirani wakaanza utani. "Funguo za mji mzima anaziweza, gari la baba limemtoa jasho!"

"Mwacheni," mzee akawakemea. "Gari lenyewe kongwe." Kisha akainama dirishani, akamnong'oneza mwanawe: "Usivunjike moyo. Nimemwita yule fundi wa sokoni, anakuja mchana. Simama karibu naye, utajifunza."

Fundi wa sokoni angemaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, na mzee angerudi barabarani.

"Baba, mwambie asije. Ni mimi niliyeufuta."

"Umefuta nini?"

"Ufunguo wako. Macho yako, baba... utaua mtu."

Mzee akauchomoa ufunguo, akaupapasa kwa kidole gumba. "Kwa hiyo siku zote hizi nimekaa humu nakanyaga mafuta, na wewe umesimama hapo unanitazama."

Mama, aliyekuwa mlangoni, akaingia ndani taratibu.

Mzee hakugomba. Afadhali angegomba. Siku hizi hukaa kibarazani, na akisikia hatua huuliza, "Nani?"

"Mimi, baba."

"Karibu, fundi," husema kwa adabu, kama anayempokea mtu aliyekuja kurekebisha bomba. "Aliyekuita yuko jikoni."