Vizibo Vitatu Vilivyokataa Kufa

Kwa umri wangu hapana kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba zege, nikajifunza kutandika vigae, na leo duka la vigae hapa Ng'ambo ni langu. Wageni wa hoteli za Uroa wanatembea juu ya kazi yangu. Basi binti yangu alipotaka kwenda chuo kikuu kusoma hesabu, nilimwambia hesabu zote anazozihitaji zimo dukani.

"Baba, tucheze mchezo mmoja tu. Ukinishinda, nabaki dukani."

Akapanga vizibo vitatu vya soda kwa mstari kwenye sakafu ya maonesho, kila kimoja kigae chake. Kila kigae kina majirani wanane, wanne wa ubavuni na wanne wa kwenye pembe. Kizibo chenye vizibo jirani viwili au vitatu kinaishi. Vikipungua kinakufa, vikizidi kinakufa. Kigae kitupu chenye vizibo vitatu jirani kinazaa kizibo kipya.

"Hivi havifi," alisema.

Nilicheka. "Vikifika adhana ya alasiri, nalipa ada ya mwaka mzima."

Nikaanzia kushoto, kama fundi anavyoanzia ukutani. Cha kwanza kina jirani mmoja, nikakitoa. Cha pili sasa kimebakiwa na mmoja, nikakitoa. Cha tatu kimebaki peke yake, nacho nje. "Nshaviua!"

Jirani yangu muuza vitambaa, aliyesimama mlangoni, akapiga makofi. Binti hakupiga.

"Baba, huko ni kutandika vigae, kimoja baada ya kimoja. Hapa unahesabu vyote kwanza, hugusi kitu, kisha unavibadilisha kwa pamoja."

Tukarudia. Viwili vya kwenye ncha vikafa, juu na chini ya cha kati vikazaliwa viwili. Mstari uliolala ukasimama. Tukahesabu tena, ukalala. Tena, ukasimama.

"Bwana mkubwa," alisema muuza vitambaa, "leo umepata mkaidi mwenzio!"

Nikaendelea kuhesabu. Nilikuwa nnangoja vichoke, maana mafundi wote niliowaajiri huchoka. Magoti yangu ndiyo yaliyochoka. Adhana ilipoanza, mstari ulikuwa umesimama, mimi nimekaa chini.

Mtaani wanasema nilishindwa. Mimi nasema nimezoea kutambua mali nzuri mapema kuliko wenzangu. Ada, bweni, na mia tano ya kutoa kopi ya fomu: nililipa shilingi milioni moja, laki nne, elfu ishirini na mia tano.