Vitaa vya Udongo na Majivu ya Sigara

Waliniambia sitaweza, mwanangu. Nakumbuka niliporudi Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, kutoka India, miaka ile ya sabini, diploma yangu ya ufinyanzi na ufumaji ikiwa ndani ya fremu, majirani walinicheka waziwazi. "Huyu iko msomi wa matope," alisema fundi viatu wa mlango wa pili. "Nani ameona mtoto wa Kiislamu anavuka bahari kujifunza kufinyanga chungu?" Nilimwacha aseme. Kigali nzima sikumjua mwingine mwenye karatasi kama ile, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Huko India nilikuwa nimevipenda vitaa vya udongo, vibakuli vidogo vya kuenea kiganjani, ambavyo Wahindu huvitia mafuta na utambi wakaviwasha mbele ya miungu yao. Nikabuni sanaa yangu kutokana navyo. Nilichota udongo kule Gahanga, nje ya mji, nikafinyanga vitaa, nikavichoma, kisha nikavining'iniza kwa nyuzi kwenye kitambaa kirefu cha pamba cha kutundika ukutani, nilichokitia rangi nyekundu na manjano. Baba yangu, fundi cherehani, ndiye aliyekipinda. Kazi hiyo hakuipenda. "Hii ni ibada ya wenyewe," alinung'unika, lakini alishona.

Siku moja direkta wa hoteli ya mjini alikuja kutazama. Alikinunua kitambaa palepale, kisha akasema anataka vitaa vingine vingi vya kuweka kwenye meza za baa.

"Vinafaa vizuri kwa majivu ya sigara," alisema.

Nilikubali kabla hajamaliza. Kwa oda ile ningefungua karakana yangu mwenyewe, na waliocheka wangenyamaza.

Direkta alipoondoka, Baba alisimamisha cherehani.

"Kijana, mabirika yetu ya udhu pale msikitini, akija mtu anayataka ya kutemea mate, utamuuzia?"

"Baba, si wewe uliyesema haya ni mambo ya Wahindu?"

"Nilisema. Siyaabudu, na wewe usiyaabudu. Lakini watu wale walikukaribisha nyumbani kwao, wakakuonyesha kitu wanachokiheshimu. Leo unakipeleka baa kizimiwe sigara. Mimi sikukulea hivyo."



Kesho yake nilivaa suti aliyonishonea yeye, nikaenda hotelini. "Bwana direkta, vitaa vitakaa ukutani tu. Vya majivu nitakufinyangia vingine, vya umbo langu mwenyewe."

"Na nikikataa?"

"Utamtafuta mwenye diploma mwingine."

Alicheka mpaka akakohoa, kwa kuwa alijua hatampata. Akachukua vya ukutani na vya mezani. Karakana niliifungua, na yule fundi viatu akamleta binti yake nimfundishe kazi.

Mwanangu, chukua uzuri popote unapoukuta, hata katika sala ya watu wasio wa dini yako. Mimi nyumba hii nimeijenga kwa uzuri huo. Ila kabla hujaupeleka sokoni, waulize wenyewe kitu hicho wanakiweka wapi nyumbani mwao, na wewe usikishushe chini ya hapo. Mteja akitaka kukishusha, mtengenezee kingine. Ukiwa fundi kweli, hutashindwa.

Mungu aibariki mikono yako, na akujaalie mtu wa kukukemea mapema, kama alivyonijaalia mimi.